Wakala amebadilisha hoteli na tarehe za safari, na familia bado sijaiambia

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, maana mchana kutwa naulizwa habari za safari na nimechoka kujibu uongo.

Miezi saba iliyopita nilikata safari ya familia kwa wakala mmoja: ndege, hoteli na gari la kututoa uwanjani, vyote kwa malipo ya pamoja. Tuko watu tisa. Mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, mama mkwe, kisha wifi yangu, mume wake na kijana wao. Wifi alitaka kila nyumba ijikatie yake. Mimi ndiye niliyeshikilia twende kwa pamoja, tupate vyumba vya karibu na ndege moja. Kila mmoja alinipa fungu lake, nikalipa kwa kadi yangu ya benki, na daftari la nani ametoa nini ninalo mimi. Salio tulimaliza miezi miwili iliyopita.

Safari yenyewe ni ya mama mkwe. Ana miaka sabini na mbili, magoti yamechoka, ngazi hapandi. Hajawahi kuiona bahari. Siku tulipompa habari alisema neno moja tu: "Nataka niamke niyaone maji kabla sijashuka kitandani." Ndiyo maana nilichagua hoteli iliyo ufukweni kabisa, nikaomba vyumba vya chini vinavyofuatana, na wakala akanijibu kwa barua pepe kwamba ombi langu limekubaliwa. Picha ya ile baraza inayotazama bahari niliiweka kwenye kundi la familia. Mama mkwe kila akija kwetu humwambia mwanangu wa kati amfungulie "ile picha yangu".

Siku tano zilizopita ilikuja barua pepe kutoka kwa wakala. Hoteli yetu iko kwenye matengenezo, kwa hiyo tumehamishiwa nyingine "ya hadhi ileile". Nimeitafuta kwenye ramani, iko kilomita tatu kutoka baharini. Vyumba "vitagawiwa kulingana na nafasi". Kuondoka kumesogezwa mbele siku mbili na kurudi pia siku mbili. Ndege ya moja kwa moja haipo tena, tutabadilisha njiani, na muda wa kubadilisha ni saa moja na dakika tano. Juu ya hayo, kitinda mimba wetu, ambaye tiketi yake ni ya kupakatwa, anatimiza miaka miwili siku moja kabla ya tarehe mpya ya kurudi. Sijui kama hilo lina maana yoyote, ila limenijia usiku huu.

Chini ya barua kuna kitufe kimeandikwa "Nakubali". Wanasema nisipojibu ndani ya siku saba watahesabu nimekubali. Nilipiga simu, kijana aliyepokea akaniambia, "Dada, wewe kubali tu. Ukighairi unakatwa nusu ya pesa."

Mume wangu anasema nibonyeze, likizo ni likizo. Wifi ameshauliza mara mbili mbona sijatuma tiketi, nami nimemjibu "wanazishughulikia". Sijamwambia yeye, sijamwambia mama. Naona aibu, Shangazi, kwa sababu wazo la kwenda pamoja lilikuwa langu na pesa zao zilipita mkononi mwangu.

Nibonyeze au nisibonyeze? Nikikataa, pesa za watu nitazirudishaje? Na wifi nitaanzia wapi kumwambia?

Mshika Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa ulibakiwa na siku mbili, jibu fupi nilikutumia palepale: usibonyeze, lakini pia usinyamaze. Hapa nalieleza kwa kirefu kwa ajili yako na kwa wenzako wengi walioniandikia mambo ya aina hii.

Kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi katika barua yako. Mtu akiogopa kuchagua vibaya huona heri asichague kabisa, na wakala aliyeandika "usipojibu umekubali" anaijua tabia hiyo. Kwa hiyo, kabla ya siku ya saba, andika mistari mitatu kwa barua pepe: umepokea taarifa ya mabadiliko, hujayakubali, na unaomba majibu ya maswali utakayoyaorodhesha. Yatosha kukuzuia usihesabiwe umeridhika, na haikufungi kwa lolote. Hifadhi tarehe na saa uliyotuma. Kama wana tovuti yenye ukurasa wa safari yako, ingia leo upige picha ya skrini kila kitu kama kilivyo: jina la hoteli ya mwanzo, tarehe, namba za ndege, aina ya vyumba. Kurasa hizo zikishabadilishwa, ya zamani huyaoni tena.

Sasa yule kijana wa simu. Huenda hakukusudia kukudanganya. Amesoma ukurasa mmoja na swali lako liko kwenye ukurasa mwingine. Makato aliyokutajia ni ya mteja aliyebadili nia yake mwenyewe. Wewe hukubadili nia. Ulinunua hoteli ya ufukweni, kwa tarehe fulani, kwa ndege ya moja kwa moja, na sasa wao ndio hawawezi kukupa ulichonunua. Mambo hayo mawili hayalingani, wala usikubali yaitwe kwa jina moja. Ukiongea nao usitamke kabisa neno "nataka kughairi". Sema "mmebadilisha safari niliyoilipia, na mabadiliko haya siyakubali". Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakipoteza haki yao kwa neno moja walilolitamka kwenye simu wakiwa na hasira.

Hukuniambia wakala wako amesajiliwa nchi gani, na sheria hufuata mahali uliponunua na mahali ndege inapoondokea. Ila nikupe mfano uone mstari unavyopita. Umoja wa Ulaya una sheria ya safari za kifurushi, ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Julai 2018. Kifurushi ni pale unaponunua kwa pamoja angalau huduma mbili tofauti za safari ileile, kama ndege na hoteli, na ndivyo ulivyonunua wewe. Chini ya sheria hiyo, mwandaaji akilazimika kubadilisha kwa kiasi kikubwa mambo makuu ya safari, au akipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8, msafiri ana hiari ya kukubali au kuvunja mkataba bila kukatwa chochote, na pesa zake zirudi ndani ya siku 14. Tena barua ya mabadiliko lazima imweleze hiyo hiari, muda wa kujibu, na nini kitafuata asipojibu. Akikubali safari iliyopungua ubora au thamani, bei nayo ipungue.

Kuna kipengele kimoja humo ambacho, nilipoisoma barua yako, kilinifanya nirudi kusoma aya yako ya tatu mara ya pili. Sheria hiyo inataja pia maombi maalumu ya msafiri ambayo mwandaaji aliyakubali. Yakikubaliwa yanakuwa sehemu ya mkataba, na yakishindwa kutimizwa, msafiri anapata haki ileile ya kujitoa. Vyumba vya chini kwa ajili ya magoti ya mama mkwe si fadhila uliyoomba, mwanangu. Uliomba, wakakujibu "limekubaliwa", kwa maandishi. Itafute barua hiyo usiku huuhuu. Hata kama nchi yako haina sheria ya aina hii, ni ahadi iliyoandikwa na kulipiwa, na hakuna wakala anayefurahia kuonyeshwa ahadi yake mwenyewe.

Kwa upande wa ndege peke yake mistari hutofautiana. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2024, ndege ya kimataifa ikisogezwa saa 6 au zaidi, au ya ndani saa 3, abiria asiyetaka mpango mpya anarudishiwa nauli. Hali kadhalika akiongezewa kituo cha kubadilisha ndege au akihamishiwa uwanja mwingine. Ulaya, mahakama ya Umoja iliamua Desemba 2021 kwamba hata ndege iliyorudishwa nyuma ikaondoka zaidi ya saa moja kabla ya muda wake inahesabika kuwa imefutwa. Wewe umesogezewa siku mbili nzima. Sidhani kama yupo mtu atakayeweza kukutazama usoni akasema hayo ni mabadiliko madogo. Popote ulipo, fungua vigezo na masharti uliyopewa siku ya kulipa, utafute sehemu inayozungumzia mabadiliko yanayofanywa na kampuni. Usiishie kwenye ile ya mteja kughairi.

Nisemee kidogo wale waliokata ndege kwingine na hoteli kwingine, kwa sababu njia yao ni nyingine na ni ngumu zaidi. Ndege ikisogezwa, mwenye hoteli hana kosa na hadaiwi chochote. Msikubali tarehe mpya ya ndege kabla hamjaongea na hoteli. Anzeni na hoteli, mwombe isogeze usiku uleule bila nyongeza, na mkishapata jibu la maandishi ndipo mrudi kwa shirika la ndege.

Turudi kwako. Kabla ya kuandika lolote refu kwa wakala, kaa ujiulize ni kitu gani kikiondolewa safari hii inakoma kuwa safari mliyoipanga. Umeorodhesha mambo mengi yaliyobadilika na kila moja linauma, lakini ndani ya barua yako jibu lipo tayari, na aliyelitoa ni mama mkwe: aamke ayaone maji kabla hajashuka kitandani. Siku mbili mbele zinavumilika, zikikubaliana na kazi za watu. Hata ndege ya kubadilisha yaweza kuvumilika. Hoteli iliyo kilomita tatu kutoka baharini haivumiliki hata ikiwa na nyota nyingi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu "hadhi ileile" katika lugha ya mawakala ni idadi ya nyota, na nyota hazihesabu mama anaona nini akifumbua macho.

Ipigie simu hiyo hoteli mpya wewe mwenyewe, usimtegemee wakala. Usiulize "mna lifti?", kwa sababu watasema ndiyo. Uliza kuna ngazi ngapi kutoka pale gari linapoishia hadi mlango wa chumba, na bafu lina kizingiti au sakafu yake ni sawa na ya chumba. Piga wakati ambao wageni hawaingii wala kutoka, mtu wa mapokezi awe na nafasi ya kwenda kutazama. Mimi napenda sana kuuliza pia, "Kama angekuwa mama yako, ungempa chumba gani?" Watu wengi hujibu swali hilo kwa moyo wa kweli.

Nyumba ya wifi yaweza kulala ghorofa yoyote. Chumba cha mama, na chumba kimoja cha kupakana naye ili usiku akiita asikike, hivyo ndivyo vya kupigania.

Kuhusu ndege, kuna mambo matatu, na la kitinda mimba wako lina maana kubwa sana. Mashirika ya ndege humchukulia mtoto kuwa wa kupakatwa hadi siku anapotimiza miaka 2. Akiitimiza katikati ya safari, ndege ya kurudi anatakiwa awe na kiti chake, na kiti kina nauli. Kwa tarehe zenu za kwanza angerudi bado hajafika. Tarehe mpya zimewekwa na wao, kwa hiyo kiti hicho ni juu yao. Liandike waziwazi, maana usipolitaja sasa utalikuta uwanjani siku ya kurudi, umechoka, na hakuna wa kubishana naye isipokuwa karani asiyejua habari zako. Usiku huo ulipokujia wazo hilo ulikuwa na akili timamu kuliko unavyodhani.

La pili ni saa moja na dakika tano za kubadilisha ndege, mkiwa na watoto na mzee wa magoti. Uliza kama tiketi mpya ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa moja, mkichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza, ni kazi ya shirika kuwapandisha inayofuata. Zikiwa tiketi mbili zilizounganishwa na wakala tu, mnaweza kuachwa katikati. Omba ndege yenye muda mrefu zaidi wa kubadilisha. Kusubiri saa tatu mmekaa ni afadhali kuliko kukimbia na mama kwenye kiti cha magurudumu.

Na hicho kiti ndicho la tatu. Ndege ikibadilishwa, maombi yaliyofungwa kwenye ndege ya zamani mara nyingi hayahami yenyewe: viti mlivyochagua, msaada wa mzee, pengine hata mizigo. Omba upya, angalau saa 48 kabla ya kuondoka, na utaje hali yake sawasawa. Wana alama zao. WCHR ni ya anayeshindwa mwendo mrefu tu, ila ngazi anapanda. WCHS ni ya asiyepanda ngazi lakini ndani ya ndege anafika kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa ulivyoeleza, mama ni huyu. WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa. Wakiandika ya kwanza kwa makosa, mtasimama chini ya ngazi za ndege mkitazamana.

Barua yako kwa wakala iwe fupi. Ningeiandika hivi:

"Nimepokea taarifa yenu ya mabadiliko ya safari yetu (namba ya kumbukumbu hii). Mabadiliko haya sijayakubali. Tulilipia hoteli ya ufukweni, vyumba vya chini vinavyofuatana, ambavyo mlivithibitisha kwa maandishi tarehe fulani, na ndege ya moja kwa moja. Tuna msafiri asiyeweza kupanda ngazi. Naomba mnipe moja kati ya haya: hoteli nyingine iliyo ufukweni yenye vyumba vya chini vilivyothibitishwa, pamoja na kiti cha mtoto kwa gharama yenu ikiwa tarehe mpya zitabaki; au tarehe zetu za awali kwa ndege nyingine na hoteli ya aina hiyohiyo; au marejesho ya fedha zote kwa kadi niliyolipia. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku tatu. Hadi hapo haki zangu zote chini ya mkataba zinabaki."

Usiongeze malalamiko wala usimtukane mtu. Barua hiyo itapita mikononi mwa msimamizi, pengine benki, pengine ofisi ya kulinda walaji, na kila atakayeisoma aone mtu anayejua alichonunua. Wakikupigia simu, pokea, kisha uandike kwa barua pepe mliyozungumza: "Kama tulivyoongea leo, mmesema hivi na hivi." Wasipokanusha, hayo yamekuwa maandishi.

Watakupa vocha, naona kama nawasikia. Vocha si pesa. Ni wewe kuwakopesha hadi siku utakayosafiri tena, kama kampuni bado ipo. Mwaka 2020, safari zilipofungwa kwa korona, Tume ya Ulaya ilisema wazi kwamba vocha ni kwa hiari ya msafiri. Na makampuni hufa: Thomas Cook, iliyoanza mwaka 1841, ilianguka Septemba 2019, na Waingereza wapatao 150,000 wakakutwa nje ya nchi yao wakisubiri kurudishwa nyumbani. Kama huna sababu ya nguvu, omba pesa. Kama wataongeza thamani ya vocha ili kukushawishi, angalia kwanza ina ukomo lini na kama ni lazima itumiwe na watu walewale tisa.

Ulilipa kwa kadi, na hilo ni jambo jema. Wakikataa kurudisha au wakikuzungusha, benki yako ina utaratibu wa kupinga malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Utaratibu huo una ukomo wa muda, kwa hiyo usingoje miezi ukiwaonea haya. Na kama mlinunua bima ya safari, ipigie kabla ya kukubali chochote, kwa sababu bima ina tarehe, na tarehe zikihama siku mbili huenda siku mbili za mwisho hazimo.

Fedha za wenzako sasa. Daftari ulilo nalo ni kinga yako, si mzigo. Andika ukurasa mmoja safi: kila aliyetoa, kiasi, tarehe, na jumla uliyomlipa wakala, pamoja na risiti. Ikirudi pesa yote, kila mtu anapata yake kama ilivyoandikwa. Ikipungua, upungufu ugawanywe kulingana na fungu la kila mmoja, wewe ukiwa mmoja wao. Naona dalili kwamba unajiandaa kuwalipa wote kutoka mfukoni mwako ili yaishe. Usifanye hivyo. Kosa si lako, na ukilifunika kwa pesa zako utakuwa umemlipia wakala deni lake, kisha utabaki na kinyongo ambacho wifi hatakijua chanzo chake.

Jambo jingine dogo: huenda tarehe mpya zinawafaa nyumba moja na nyingine haziwafai. Chini ya ile sheria ya Ulaya, msafiri aweza kumpisha mtu mwingine kwenye nafasi yake akitoa taarifa siku 7 kabla ya safari, kwa kulipia gharama halisi za kubadilisha jina. Uliza kama wakala wako naye anaruhusu.

Nimefika kwenye lile ulilolitaja mwisho, ambalo kwangu ndilo zito.

Uliniuliza utaanzia wapi kumwambia wifi. Anza leo, kabla hujapata suluhisho. Najua ungependa umwendee ukiwa na jibu mkononi, ili aone ulipambana. Lakini kila siku unayosubiri, "wanazishughulikia" inazidi kugeuka kutoka neno la kupunguza maswali kuwa uongo. Leo habari ni kwamba wakala amebadilisha safari. Wiki ijayo habari itakuwa kwamba ulijua ukaficha, na hapo hakuna atakayemkumbuka wakala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe haya hukuyaleta wewe.

Tena wifi yako ana haki ya kuamua. Ana kazi ameiombea ruhusa, ana kijana wa kumpanga, na fungu lake limo. Ukibonyeza "Nakubali" peke yako umewakubalia watu wanane ambao hawajaulizwa.

Mumeo awepo. Yeye amekwambia "likizo ni likizo", na nadhani alikusudia kukupunguzia mawazo, lakini anayezungumziwa hapa ni mama yake na dada yake. Mwambie hivyo kwa upole: "Naomba tuwapigie pamoja." Habari ikitoka kwenu wawili haitakuwa tena kesi kati yako na wifi. Mpigie kwanza wifi kwa sauti, usimtumie meseji. Mwambie barua ilikuja lini na kwamba ulichelewa kumwambia kwa sababu uliona aibu, halafu msomee barua yenyewe neno kwa neno. Akikwambia "si nilisema kila mtu akate yake", mwache aseme. Ana haki ya sentensi hiyo moja. Usijitetee, mwulize anaonaje kuhusu tarehe. Baada ya hapo ndipo uweke kila kitu kwenye kundi, pamoja na ule ukurasa wa hesabu.

Mama mkwe mfuateni nyumbani, wewe na mumeo. Katika barua yako yote, watu mnajadiliana juu yake na hakuna aliyemuuliza. Msimwendee na maneno ya "usijali mama, tutakupeleka tu". Mwelezeni kwamba hoteli ile ya kwenye picha haipo tena kwa sasa, mkae kimya, mumsikilize. Huenda akasema yuko radhi kungoja miezi mingine mpaka baraza ile itengenezwe. Huenda akasema miaka sabini na miwili si umri wa kungojea mambo, na kwamba hata akipelekwa kwa gari kila asubuhi akakae kando ya maji, kwake inatosha. Sijui atasema lipi. Atakalosema, lipeleke kwa wakala likiwa sharti lako la kwanza, na mengine yote myapange kulizunguka hilo.

Niandikie wakikujibu. Na ile barua pepe ya "limekubaliwa", mwanangu, itafute kabla hujalala.

Shangazi